Siku Tisini na Vipande Vitatu

Karani wa boma la mpakani aliweka daftari lake kubwa mbele yangu, akalifunua polepole kama mtu anayefunua chungu akijua kilichomo kimechacha. Ilikuwa mara yangu ya tatu kuingia Tanganyika kutoka kwetu, nchi ya Wabelgiji, ng'ambo ya mto. Mkononi nilikuwa na barua mpya ya kuombea pasi mpya, safi hata nzi alikuwa akiogopa kutua juu yake. Ila daftari halikujali usafi wa barua yangu. Jina langu lilikuwamo mara mbili, na mara zote mbili limepigiwa mstari mwekundu.

"Wewe," akasema karani, "mara ya kwanza ulipewa miezi sita."

"Ndiyo, bwana karani."

"Ukakaa kumi."

"Hapana, bwana karani. Nilikaa sita."

Akainua macho. Nikatoa kopo langu la tumbaku, nikalifungua, nikampangia mezani vipande sita vya kazi, kila kimoja kimejaa alama thelathini. Nilivipanga kwa fahari, maana nilikuwa nimevitunza kuliko meno yangu. Karani akavitazama, akanitazama mimi, kisha akaweka kalamu chini, akacheka mpaka askari wa mlangoni akachungulia kuona kama kuna mtu anasongwa na chakula.

Sikujua anacheka nini. Ndiyo maana nasema mpaka leo kwamba kosa langu la kwanza halikuwa kosa. Lilikuwa hesabu.

Mtu ambaye hakufanya kazi machimboni Geita miaka ile hawezi kuelewa bila kuelezwa. Ukiandikwa kazi unapewa kipande, karatasi ngumu yenye vyumba thelathini. Ukishinda kazini, jioni nyapara anatia alama chumba kimoja. Usipofanya kazi, hakuna alama. Vyumba thelathini vikijaa, huo ndio mwezi. Sasa mwezi wa kipande hauna haraka kama mwezi wa mbinguni. Ukiugua homa, nao unalala nawe kitandani. Mvua ikijaza shimo maji, nao unakaa chini ya paa pamoja nanyi, unaota moto. Jumapili unapumzika kama Mkristo. Mimi nilifika kambini sijui kusoma, sijawahi kuona kalenda, na kila mtu niliyemuuliza "mwezi ni nini hapa?" alinionyesha kipande chake. Pasi yangu ilisema miezi sita. Nikajaza vipande sita. Siku kipande cha sita kilipojaa nilifunga mzigo wangu, nikaaga watu vizuri, nikaenda mpakani kwa miguu yangu, mtu mwema kabisa, nikafungwa wiki mbili kufyatua matofali. Nilifyatua matofali ya kutosha kujenga boma jingine na ukuta wake.

Mara ya pili, hapo sitasema uongo, hesabu ilichanganyika na ujanja kidogo. Walikuwapo wazee wa kambi, watu wa kwetu, waliokuwa wakisema kwamba mwezi usioisha haumfukuzi mtu. Kipande cha mwisho kikifika alama ya ishirini na tisa, unakwenda kufanya vibarua vya kando: unamkatia mtu kuni, unamsaidia fundi kuezeka. Chumba cha thelathini kinabaki kitupu, na wewe bado uko ndani ya mwezi wa sita. Nilifanya hivyo. Niliishi ndani ya mwezi mmoja wa sita tangu watu wanapanda mtama mpaka wanauvuna. Na katika mwezi huo mrefu, mrefu kuliko njia ya Tabora, nilifanya mambo ambayo wengine huyafanya kwa maisha mazima. Nilihitimu darasa la jioni, ambalo fundi cherehani mmoja alilifundisha chini ya banda la kulia chakula, nikapewa hati yenye muhuri mkubwa kama sahani. Tena nilioa.

Mke wangu alikuwa mtu wa Didia, upande wa Shinyanga. Alikuja kambini na kaka yake kuuza michembe, yale makopa ya viazi vitamu ambayo Msukuma akiwa nayo mfukoni anaweza kutembea mpaka mwisho wa dunia. Nilinunua michembe kwake kila siku mpaka tumbo langu likawa ghala. Kaka yake akaniuliza kama ninaipenda sana michembe. Nikasema siipendi hata kidogo. Basi wakaelewa.

Alikuwa na mimba ya miezi miwili askari walipokuja kambini kukagua pasi. Niliwaonyesha chumba changu kitupu cha thelathini. Hawakutaka hata kukitazama. Nikapelekwa mpakani na wenzangu, yeye akarudi kwa mama yake Didia, na mstari mwekundu wa pili ukapigwa juu ya jina langu na karani huyuhuyu aliyekuwa sasa anafuta machozi ya kicheko mbele yangu.

Alipomaliza kucheka aliingia kwa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa boma, na barua yangu na vipande vyangu. Walikaa huko muda wa kutosha mtu kulima bustani. Nami nilisimama nikihesabu kitu kimoja tu ambacho sikuwa na mashaka nacho: mimba haifuati kipande. Ilikuwa na miezi miwili nilipofukuzwa, nimekaa kwetu mitano kuombaomba barua, sasa ni saba. Nikirudishwa leo, mke wangu atazaa mtoto wa mtu aliye ng'ambo, mtu hai asiyeweza kuvuka mto. Na Didia watu hawana subira na mwanamume wa namna hiyo. Wanamhesabu pamoja na waliokufa, ila bila matanga.

Karani akatoka na pasi mpya.

"Umepewa siku tisini," akasema. "Hatukuandika miezi, kwa ajili yako. Tumeandika siku."

"Ahsante, bwana karani."

"Sikiliza kwanza. Siku hizi zinatembea zenyewe. Hata ukilala zinatembea."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili."

"Na nikiumwa?"

"Hata ukifa zinatembea. Kabla hazijaisha, nenda dirisha la pasi lililo mjini karibu na kwa wakwe zako, uombe kuongezewa. Ukiwahi, Bwana amesema utafikiriwa vizuri kwa sababu una mke na hati ya shule. Ukipitisha hata siku moja, ni mstari wa tatu. Na huo wa tatu haufutiki, kijana wangu. Hutaingia tena nchi hii hata ukijigeuza mbuzi."

Kisha akavuta mtoto wa meza, akanipa vipande vitatu vitupu vya zamani. Alikuwa akinitania, nadhani, au alikuwa akinihurumia. Sura yake ilifaa yote mawili. "Mara tatu thelathini," akasema. "Tia alama kila asubuhi. Usingoje nyapara."

Nje mkaguzi wa malale, ule ugonjwa wa usingizi, alinipapasa shingo kutafuta tezi, hakuona kitu, nikaruhusiwa kwenda.

Nilitembea siku kumi na moja. Nilipita Geita bila kulala kambini, nikiogopa mwezi wa sita usinikamate mguu. Nikashuka kwenye misitu ya mbung'o, ambao ni wakubwa sana huko, mmoja alinivua kofia. Nilipofika Nyahanga nililala kwa Msumbwa mmoja aliyenisikiliza habari zangu zote kisha akaniuliza swali ambalo liliniharibia usingizi: siku niliyopigiwa muhuri yenyewe inahesabiwa, au hesabu inaanza kesho yake? Sikujua. Darasa la jioni lilitufundisha kujumlisha na kutoa, halikutufundisha kuanza. Nikaamua inahesabiwa, kwa usalama, nikaongeza alama. Asubuhi nikawaza kwamba labda nilikwisha kuitia. Nikavitazama vile vyumba mpaka vikaanza kucheza ngoma. Mwishowe nikakumbuka kwamba siku ya kwanza niliitia kwa kalamu ya karani, zilizofuata kwa mkaa. Na ya kalamu ilikuwapo. Basi nikaifuta ile ya kuzidi kwa mate.

Didia nilifika mchana. Mama mkwe alikuwa uani. Kwa desturi yao mkwe na mkwe hawatazamani, kwa hiyo aliponiona alizunguka kihenge cha mtama, na maongezi yetu yote ya miezi ile yalifanyika hivyo, yeye upande mmoja wa kihenge na mimi mwingine. Namjua mama mkwe wangu kwa sauti na kwa visigino.

"Mwadila," nikasalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila. Umerudi kabisa, au umerudi kidogo?"

"Nimerudi siku tisini, mayu. Kumi na moja zimekwisha njiani."

Visigino vikasogea nyuma ya kihenge. Kisha sauti ikasema, "Hata kuku wa kuazima hukaa zaidi ya hapo."

Mke wangu alitoka ndani, tumbo likitangulia. Sitaandika tulivyosalimiana. Baada ya kula alivichukua vipande vyangu, akavigeuzageuza, akaniuliza ni nani aliyetia hizi alama. Nikamwambia ni mimi mwenyewe. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameuza michembe kambini muda wa kutosha kuijua kazi.

"Mtu hajitilii alama," akasema. "Siku haijawa siku mpaka mkubwa wa mahali aitie alama. Wewe ukijitilia, nani atakuamini? Hapa nyapara ni mimi."

Tangu siku ile vipande vilikaa kwake, vimefungwa kwenye nguo pamoja na kipande cha mkaa. Na alikuwa nyapara mkali. Nilimweleza mara mia kwamba siku za boma zinatembea zenyewe, hazingoji mtu afanye kazi. Alinijibu kwamba siku za boma zitembee zenyewe zikitaka, alama yake haitembei yenyewe. Ukikata kuni, alama. Ukichota maji kama hakuna watu wa kukucheka njiani, alama. Asubuhi moja nilichelewa kuamka nikamkuta amekaa na mkaa mkononi ananitazama tu. Nilipalilia shamba lote kabla jua halijapanda, nikiogopa kufukuzwa nchini na mke wangu mwenyewe.

Kalenda haikuwapo. Duka moja la Didia lilikuwa nayo ukutani, lakini ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita. Mwenye duka alikuwa akiipenda picha yake ya farasi, akakataa kuiondoa. Nilijaribu kuitumia hivyohivyo. Ikanionyesha kwamba tuko Jumatano siku ambayo kanisa lilikuwa limejaa watu. Nikaacha.

Halafu mtoto akazaliwa.

Alizaliwa mchana, siku ya mvua kubwa, mvua ambayo vyura walipanda juu ya paa kuikimbia. Mimi nilifukuzwa uani na wanawake, nikakaa kwa jirani. Jioni nikaitwa nikaonyeshwa mtoto wa kike, mwenye uso wa mtu aliyeudhiwa na karani. Furaha ile ilinipotezea akili siku kadhaa, na akili iliporudi ilirudi na swali: siku ile ilitiwa alama?

Mke wangu alisema haikutiwa. Mama mkwe, nyuma ya kihenge, alisema aliitia yeye kwa mkono wake, aliukuta mkaa chini akatia.

"Ulitia wapi, mama?" mke wangu akauliza.

"Kwenye hiyo karatasi."

"Karatasi nilikuwa nimeilalia."

"Basi nilitia ulipoinuka."

"Sikuinuka."

"Kwa hiyo mtoto alizaliwa umelala hujui ulichokilalia, lakini unajua mimi sikutia alama?"

Walibishana mpaka mtoto akaamka. Nilihesabu vyumba mara ishirini. Alama za mkaa zinafanana zote, hazisemi nani mama yao. Kama mama mkwe alikuwa sawa, hesabu yetu ilikuwa kamili. Kama mke wangu alikuwa sawa, tulikuwa nyuma siku moja bila kujua, na mtu aliye nyuma siku moja ndiye mtu wa mstari wa tatu. Nikaanza kuamka usingizini nikiwaza kwamba siku imekwisha kupita na mimi niko palepale, ninakoroma, mhalifu.

Tukaamua kutoka mapema. Kipande cha tatu kilipofika alama ishirini na saba, alfajiri ileile tulifunga safari ya mjini, mke wangu akiwa na mtoto mgongoni, na usiku tukalala kwa mjomba wake, Mwislamu msuka mikeka karibu na stesheni. Kesho yake, kama mama mkwe alikuwa sawa, ingekuwa siku ya themanini na nane. Kama mke wangu, themanini na tisa. Kwa vyovyote tulikuwa tumewahi. Sijawahi kulala vizuri kama usiku ule. Mjomba anasema treni ya Mwanza ilipita ikinisikia mimi.

Dirisha la pasi lilikuwa nyumba ndogo ya bati. Ndani karani kijana, nywele zimepasuliwa njia katikati, na ukutani, mara ya kwanza baada ya karibu miezi mitatu, kalenda ya mwaka wenyewe. Niliitazama kama mtu aliyeona kisima.

Karani akaipokea pasi, akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Siku zako zinaisha kesho," akasema.

Nikamgeukia mke wangu. Kidevu chake kilikuwa kimepanda juu. Mama yake hakutia alama.

"Basi nimewahi," nikamwambia karani. "Naomba niongezewe."

"Bado hazijaisha. Pasi inaongezwa siku yake ya mwisho. Njoo siku yake."

"Siku yake ni kesho?"

"Kesho."

Nikaitazama kalenda. Nilikuwa mtu msomi, nilijua kusoma. "Bwana karani, kesho ni Jumapili."

Akageuka akatazama. "Kweli, kesho ni Jumapili."

"Basi nije?"

"Usije. Hakuna mtu."

"Nije Jumatatu?"

"Jumatatu utakuwa umezidisha."

"Sasa nifanyeje?"

"Mimi sikutunga kalenda," akasema karani, naye alionekana amechanganyikiwa kama mimi. "Bwana mwenye muhuri yuko safarini vijijini mpaka Jumatatu. Hata ningetaka, muhuri umefungiwa."

Nilisimama pale nikipanga hesabu upya. Mwezi wa kipande ulikuwa ukilala Jumapili na mwenye kazi naye akilala. Huo niliuelewa. Huu wa boma ulitembea Jumapili, lakini boma lenyewe lilikuwa limelala, na mtu alitakiwa kukutana nalo njiani likiwa usingizini. Nikafungua mdomo kuanza kumweleza karani kwamba nimetembea kutoka Kongo, kwamba nina watoto tisa, sijui ningefika wapi, lakini mke wangu akanikanyaga mguu. Akaifungua nguo yake, akatoa kipande cha tatu, akakiweka dirishani.

"Mwanangu," akamwambia karani, ambaye labda walikuwa rika moja, "tutilie basi alama ya leo."

"Alama ya nini?"

"Ya leo. Hapa mkubwa wa mahali ni wewe. Jumapili tutajua wenyewe, lakini leo tumefika, na siku haijawa siku mpaka mkubwa aitie alama."

Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakacheka. Mmoja, kwa sauti ya machimboni, akasema, "Mtilie, karani, atanyimwa posho." Karani naye akatabasamu. Nadhani alikuwa na aibu ya ile kalenda. Akachukua kalamu yake ya kopi, ile ambayo ikilowa huandika zambarau, akailamba ncha mpaka ulimi ukawa zambarau, akatia alama katika chumba cha ishirini na nane. Kisha, kwa kuwa alikuwa karani na mkono wa karani ukianza hauishii hapo, akaandika tarehe pembeni, na chini yake sahihi yake ndogo yenye mkia.

Jumapili nilikwenda pale dirishani hata hivyo. Nilisimama mbele ya mbao zilizofungwa tangu watu wanatoka ibadani mpaka kivuli kikanihama. Askari akaniuliza nataka nini. Nikamwambia ninaisha muda. Akanitazama, akasema kila mtu anaisha muda, niende nyumbani.

Kwa mjomba kila jirani alikuwa na shauri lake. Mmoja alisema nitoroke nirudi Geita, nikajifiche kambini. Mwingine alisema nivuke mpaka mwenyewe kabla ya kuvushwa, niingie tena mara ya nne kama mtu mwingine. Mjomba alikuwa anasuka mkeka, akasema tu, "Umefika mapema ukafukuzwa, ulipochelewa ulifungwa. Labda wanataka watu wasioenda kabisa." Mke wangu hakuwa akisikiliza. Alikuwa akimnyonyesha mtoto, na alipomaliza aliniambia neno moja: kesho nisiseme zaidi ya nitakaloulizwa.

"Ukisema tulikuja Jumamosi," akasema, "utasema tulikuja na watu mia na ngoma mbele. Naye hataamini hata hiyo Jumamosi."

Ni kweli, ngoma nilikwisha kuifikiria.

Jumatatu Bwana alikuwapo. Mtu mrefu, mwekundu kwa jua la safari, bado ana vumbi kwenye viatu. Karani alisimama pembeni yake akitazama chini. Bwana akasoma pasi, akatazama kalenda, akachukua wino mwekundu. Niliijua rangi ile.

"Umezidisha siku moja," akasema kwa Kiswahili cha kuhesabu maneno. "Na hapa wameandika kwamba ulikwisha kuzidisha mara mbili."

"Ndiyo, bwana."

"Kwa nini hukuja mapema?"

Maneno elfu yalikuja mdomoni yakasukumana mlangoni. Nikameza yote, likabaki moja.

"Nilikuja Jumamosi."

"Nani alikuona?"

Nikamtazama karani. Karani alikuwa bado anatazama chini, na nilimwelewa, maana kazi ya dirishani hupatikana kwa taabu na hupotea kwa neno. Mke wangu akapita mbele yangu. Akaweka vipande vitatu mezani, kimoja kimoja, na cha tatu akakisogeza karibu zaidi. Alama za mkaa zilikuwa zimefifia na kuchafuka. Ile moja ya zambarau iling'aa kama ua.

Bwana akakiinua. Akasoma tarehe. Akatazama sahihi yenye mkia, kisha akatazama kalamu ya kopi iliyolala mezani, kisha akatazama midomo ya karani, ambayo ilikuwa na rangi kidogo hata siku hiyo.

"Nani aliandika hii?"

Karani akainua macho.

"Mimi, bwana," akasema karani. "Walifika Jumamosi. Nikawaambia siku zao hazijaisha."

"Na kwa nini ukaandika?"

"Waliniomba, bwana."

Bwana alianza kuhesabu alama zote, kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, akigusa kila chumba kwa kidole. Nilihesabu pamoja naye kwa macho. Alipomaliza alikunja uso. "Themanini na nane. Jumamosi ilikuwa ya themanini na tisa. Siku moja haipo."

Nikafungua mdomo. Mguu wangu ukakanyagwa.

"Haipo kweli," akasema mke wangu. Akageuza mgongo kidogo ili Bwana amwone mtoto. "Siku hiyo nilikuwa na kazi nyingine."

Karani akatafsiri, ingawa nadhani Bwana alikuwa ameelewa. Akamtazama mtoto, na mtoto akamtazama kwa ule uso wake wa kuudhiwa. Sijui nini kilipita kichwani mwa yule mzungu, sikujua siku ile na sijui leo, kama ni huruma au kama ni uchovu wa safari. Aliirudisha kalamu ya wino mwekundu mahali pake. Akafungua sanduku, akatoa muhuri, akaupuliza, akaugonga. Mwaka mmoja. Vipande viwili akaturudishia. Kile cha tatu alikibana ndani ya daftari kwa pini, na karani akaniambia baadaye kwamba hajawahi kuona karatasi yenye mkaa ikiwekwa humo.

Tukatoka. Nilifika hatua kumi nikasimama, nikarudi dirishani.

"Bwana karani, huu mwaka unaisha siku gani?"

Akanitajia tarehe.

"Naam, lakini ni siku gani? Isije ikawa Jumapili."

Akageuka kwenye kalenda, akafunua karatasi ya mwisho, nyuma yake kulikuwa na ukuta tu. "Ya mwaka kesho haijaletwa," akasema.

"Sasa nije lini?"

Alikuna kichwa palepale penye njia. "Njoo Jumamosi."

"Nilikuja Jumamosi."

Tukatazamana, yeye na mimi, watu wawili wasomi. Kisha mke wangu akaniita kutoka njiani. Alikuwa amekwisha kumfunga mtoto vizuri mgongoni, na alikuwa akivigeuza vile vipande viwili kuona kama upande wa nyuma unaandikika. Akaniambia nisisimame hapo, nipite kwa mjomba nikaombe mkaa.